Tuambieni wajibu wetu siku tunapolazwa: barua ya wazi kwa viongozi wa afya

Kwa: Waziri wa Afya, Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, wakurugenzi, waganga wafawidhi na wakuu wa wauguzi wa hospitali zote zinazolaza wagonjwa katika mikoa hii, za serikali, za mashirika ya dini na za watu binafsi.

Yah: Mgonjwa na ndugu zake kuelezwa wajibu wao wanapolazwa

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Ninaandika kutoka Kiboriloni, Moshi. Mji wetu unajulikana kwa mlima, lakini kwa wagonjwa wa kanda hii unajulikana zaidi kwa hospitali zake. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na leo mgonjwa aliyeshindikana Arusha, Manyara au Tanga anaweza kuletwa hapa kwa rufaa. Katikati ya mji tuna Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, na St. Joseph pale Soweto. Ukipanda mlimani utakuta Kibosho, Machame, Marangu, na Huruma kule Rombo. Ukielekea Siha utafika Kibong'oto, inayohudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Wenzetu wa Arusha wana Mount Meru, Selian na nyingine. Sidhani kama upo ukoo huku ambao haujawahi kulaza mtu katika mojawapo ya hospitali hizi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimewauguza wazazi wangu wote wawili hadi mwisho wao, na tangu nistaafu huwa ninakwenda na akina mama wenzangu wa jumuiya kuwaona wagonjwa wodini, hasa wale wasio na ndugu karibu. Nitakayoyaeleza nimeyaona katika hospitali mbalimbali. Sitaitaja hata moja, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu, na kwa kuwa mambo haya hayana mwenyewe.

Ombi langu ni moja. Mgonjwa analazwa bila kuambiwa nini kinatarajiwa kwake na kwa ndugu zake, kisha akikosea anakaripiwa mbele ya wodi nzima. Naomba aambiwe siku ile ile anapopokelewa wodini, kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa, pamoja na sababu ya kila jambo, na ndugu anayemuuguza akiwa hapo hapo anasikiliza.

Najua mtasema mambo haya yameandikwa. Ni kweli. Katika korido nyingi lipo bango la Mkataba wa Huduma kwa Mteja, na ndani yake haki za mgonjwa zimeorodheshwa, na wajibu wake pia: atoe taarifa sahihi, afuate maelekezo ya wataalamu, aheshimu watumishi, atunze mali ya hospitali, alipie huduma. Lakini bango hilo mara nyingi limebandikwa karibu na ofisi za utawala, na mtu anayeingia hospitalini akiwa kwenye machela hapiti huko kusoma. Mke wake anayekimbia nyuma ya machela na kanga begani hasomi pia. Na hata angesoma, amri tano za maneno matatu matatu hazimwambii cha kufanya saa nane usiku wakati dripu imesimama.

Niruhusuni nianze na chakula, maana hapo ndipo nimeona machozi mengi.

Bibi mmoja kutoka Rombo alikuwa akimuuguza mjukuu wake aliyevunjika mkono. Aliambiwa jioni kwamba kesho mtoto anakwenda kufanyiwa upasuaji na asile kitu. Alfajiri, kabla muuguzi wa zamu ya asubuhi hajaingia, bibi alimimina mtori, supu yetu nzito ya ndizi, kutoka kwenye chupa ya chai akampa mtoto akanywa kikombe kizima. Katika akili yake, na katika akili ya wanawake wengi wa huku, mtori ndio unaompa mtu nguvu. Mzazi akijifungua anapewa mtori. Mgonjwa anayetoka kitandani anaanza na mtori. Mtoto anakwenda kukatwa na kupoteza damu, atakwendaje na tumbo tupu? Bibi alifanya alichofundishwa na mama yake.

Upasuaji uliahirishwa. Bibi alisemwa vibaya sana. "Bibi, si uliambiwa? Mnatusumbua nyie!" Alikaa kwenye benchi akilia, na mtoto akabaki na mkono wake umevimba akisubiri siku nyingine. Nilimkalia karibu nikamuuliza kama kuna aliyemweleza kwa nini mtoto asile. Hakuna. Ni mimi, mwalimu wa Kiswahili na hesabu, niliyemweleza kwamba mtu akipewa dawa ya usingizi koo lake halijilindi tena, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hilo linaweza kumuua mtoto mezani. Ndiyo maana wataalamu wa usingizi hutaka angalau saa sita zipite tangu mgonjwa ale chakula, na chakula chenye mafuta huhitaji muda mrefu zaidi. Bibi alinitazama akasema, "Mwalimu, wangeniambia hivyo, nisingempa hata tone."

Namwamini. Maelezo yale yanachukua muda mfupi kuliko karipio alilopewa.

Sasa dripu. Hili linanitisha kuliko yote. Ndugu wengi wanajua kwamba pale kwenye mpira kuna kigurudumu cha plastiki, na kwamba ukikisogeza dripu inakwenda mbio au inapungua. Wamemwona muuguzi akikisogeza. Basi dripu ikionekana inachelewa, wanakisogeza wao. Nimemwona kijana akifungulia chupa ya baba yake jioni kwa sababu gari la mwisho la kupanda Rombo lilikuwa linakaribia kuondoka na hakutaka kumwacha mzee na dripu mkononi. Ni kijana mwenye mapenzi, anayelala sakafuni kwa ajili ya baba yake. Hakujua kwamba kasi ile imepangwa na daktari. Mzee mwenye moyo dhaifu, mgonjwa wa figo, au mtoto mdogo akiingiziwa maji kwa haraka, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu akaanza kuhema kama anayezama. Na zipo chupa ambazo ndani yake imechanganywa dawa. Chupa yenye potasiamu ikikimbizwa, moyo unaweza kusimama.

Je, kuna aliyemwambia kijana yule? Kigurudumu kipo wazi, kila mtu anaweza kukigusa, na hakuna hata karatasi ndogo juu ya kitanda inayosema "usiguse, mwite muuguzi". Ni hivyo hivyo kwa oksijeni: ndugu anaona mgonjwa anahema, anaongeza. Ni hivyo hivyo kwa mfuko wa mkojo. Mgonjwa anageuzwa kitandani, mfuko unawekwa juu ya tumbo lake ili usiburuzike, mkojo unarudi kwenye kibofu na vijidudu vyake, na baada ya siku chache ana homa ambayo hakuja nayo. Mfuko unatakiwa ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote. Mama yangu alikuwa na mpira huo kwa muda mrefu na jambo hilo nililisikia kwa muuguzi mwanafunzi, binti mdogo mwenye huruma, aliyekuwa akipita kwa ajili ya mtihani wake. Nisingekutana naye nisingejua.

Waheshimiwa, mtaona kwamba katika mifano yote hii anayefanya jambo ni ndugu, na mgonjwa amelala tu. Hapa ndipo mabango yetu yanapokosea hesabu. Yanasema "mgonjwa ana wajibu". Mgonjwa gani? Kwetu huku mtu halazwi peke yake. Habari ikifika nyumbani, ukoo unagawana kazi. Mmoja anabaki wodini, mwingine anapika, mwingine anatafuta fedha, mwingine anaenda kutoa damu. Wauguzi wetu ni wachache na ndugu ndio wanaomlisha, wanaomwogesha, wanaomgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo. Hospitali zetu zinategemea kazi hiyo kila siku. Kwa hiyo wenye wajibu ni shangazi mwenye chupa ya chai na kijana anayelala sakafuni, na hao hakuna anayezungumza nao isipokuwa mlinzi wa getini.

Tena wanabadilishana. Leo shangazi, kesho mke mdogo, keshokutwa binamu aliyetoka Dar es Salaam. Alichoambiwa shangazi hakimfikii binamu. Daktari akipita raundi anajibu swali lile lile kwa watu watano na bado wa sita anauliza. Ninaomba mgonjwa, akiwa na fahamu, aulizwe anamchagua nani kuwa ndugu msimamizi, jina na simu viandikwe kwenye faili, na huyo ndiye apewe maelezo yote na awe na jukumu la kuwaeleza wengine wanaompokea. Jambo hilo lingemlinda mgonjwa pia. Angechagua mwenyewe ni nani ajue ugonjwa wake, maana si kila shemeji anayekuja na ndizi anapaswa kujua.

Kuna wajibu mmoja ambao bado nitaulaza mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, nao ni kusema ukweli: ameugua lini, ametumia nini, ana mzio wa dawa gani, alikwenda wapi kabla ya kuja. Hapa watu wetu wanaficha, na wanaficha mambo mawili hasa. La kwanza ni dawa alizonunua duka la dawa, nusu dozi ya antibayotiki aliyokunywa akaacha alipopata nafuu. La pili ni miti shamba. Wapo wanaoendelea kunywa miti shamba humo humo wodini, chupa ikiwa imefichwa chini ya mto, na daktari anashangaa kwa nini ini linachoka au kwa nini kidonda hakiachi kuvuja damu.

Hatuwezi kuzungumzia hilo kaskazini bila kukumbuka mwaka 2011, watu walipopanga foleni ya magari ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wapo waliotolewa vitandani kupelekwa huko. Wapo walioacha dawa za UKIMWI na za kifua kikuu kwa imani kwamba wamepona. Sitawahukumu, niliwafahamu baadhi yao na walikuwa watu waliochoka na maumivu. Ninachouliza ni kama mtu wa namna ile, akirudi wodini, anapata mahali pa kusema. Nimesikia swali likiulizwa hivi: "Umeshakunywa yale madawa yenu ya kienyeji, eeh?" Nani atajibu ndiyo? Wajibu wa mgonjwa wa kusema ukweli unasimama juu ya namna anavyoulizwa. Muuguzi akisema, "Bibi, watu wengi hutumia miti shamba, nami nataka nijue ili dawa zisigombane mwilini," bibi atatoa chupa chini ya mto mwenyewe.

Na kuhusu kumaliza dozi, Kibong'oto ni shahidi tosha. Kifua kikuu cha kawaida kinatibiwa kwa miezi sita. Dawa zikikatizwa, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na mwaka 2009 ndipo matibabu ya kifua kikuu sugu yalipoanza pale Kibong'oto kwa ajili ya nchi nzima. Wagonjwa wa wakati ule walikaa kwenye matibabu karibu miaka miwili, na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa. Mgonjwa akielezwa hivyo siku ya kwanza, kwamba miezi sita hii inamwepusha na mateso makubwa zaidi na inawalinda wanawe wanaolala naye chumba kimoja, ataelewa anachoombwa. "Usiache dawa" peke yake haimtoshi mtu ambaye kikohozi kimekwisha na shamba linamngoja.

Suala la kadi ya bima nalo linahitaji kusemwa wazi. Watu wanaazimana kadi. Dada ana bima ya NHIF, mdogo wake hana, basi anatibiwa kwa jina la dada. Kila mtu anajua ni udanganyifu, na wengi wanaona ni udanganyifu wa kumsaidia ndugu, hauna ubaya. Hawajaambiwa sehemu ya hatari: kwamba maradhi ya mdogo yanaandikwa kwenye kumbukumbu za dada. Kundi la damu la mdogo linaingia kwenye taarifa za dada. Mwaka mmoja baadaye dada analetwa hajitambui kutokana na ajali, na waliompokea wanasoma habari za mtu mwingine. Maabara hupima damu upya kabla ya kumwongezea mtu, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mzio wa dawa au kisukari kilichoandikwa kimakosa hakuna anayekipima upya kwa haraka ile. Sasa nchi inaelekea bima ya afya kwa wote, kwa sheria ya mwaka 2023, na kadi zitakuwa nyingi mikononi mwa watu. Elimu hii itangulie.

Wanaoondoka wodini kabla ya kuruhusiwa ni somo refu. Katika wodi za mifupa, zilizojaa vijana wa bodaboda, nimewaona waliofungwa mawe ya kuvuta mguu wakiomba wafunguliwe baada ya siku chache ili wakaungwe mfupa kijijini. Mtu mzima ana haki ya kukataa matibabu na sheria haimlazimishi abaki. Lakini ana wajibu wa kusema wazi, kusikiliza ataambiwa nini kuhusu mguu wake, na kutia sahihi akiwa anajua anachokiacha. Nyuma ya uamuzi huo mara nyingi kuna jambo ambalo halisemwi, nalo ni fedha. Bili inapanda kila siku na familia inaona aibu. Wengine hutoroka usiku na nyuzi mwilini, na kidonda kinawarudisha baada ya wiki kikiwa kimeoza. Watu hawa wangeambiwa siku ya kwanza kwamba wajibu wao ni kusema mapema kama hawana uwezo, na kwamba ipo ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali inayoshughulikia misamaha, wengi wangekwenda huko badala ya kuruka ukuta. Mimi mwenyewe nimewapeleka watu kwenye ofisi hiyo ambao walikuwa wamelazwa wiki nzima hatua chache kutoka mlangoni pake na hawakujua ipo.

Nitasema pia yale yanayotuhusu sisi wananchi na ambayo hayana udhuru. Kumtukana muuguzi ni kosa. Nimemwona mwanaume mzima akimfokea binti wa mapokezi kwa sababu aliyekuja nyuma yake ametangulizwa, akidai wamepewa chochote. Aliyetangulizwa alikuwa mama mjamzito aliyekuwa akitoka damu. Hospitali inaanza na aliye karibu zaidi na kifo, na aliyewahi kufika anasubiri. Mwanaume yule hakujua, lakini kutojua hakumpi ruhusa ya kutukana. Rushwa ni hivyo hivyo: kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 mtoaji naye ana hatia, na namba ya TAKUKURU, 113, haina malipo. Na simu za kamera. Watu wanapiga picha wodini, wanamrusha mgonjwa wao kwenye kundi la familia, na nyuma yake anaonekana jirani wa kitanda cha pili akiwa nusu uchi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uzito wa pekee. Jirani yule hakuombwa ruhusa.

Kuhusu usafi nitakuwa mkali kwa pande zote mbili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata angalau maambukizi mamoja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Lilisema pia kwamba mengi ya maambukizi hayo yanaweza kuzuiwa kwa kunawa mikono na taratibu nyingine za gharama nafuu. Ndugu wanakaa juu ya kitanda cha mgonjwa, wanamshika kidonda, wanahamia kitanda cha jirani kumpa pole kwa mikono ile ile. Tukifundishwa tutaacha. Ila, waheshimiwa, wajibu wa kunawa mikono unahitaji bomba linalotoa maji na sabuni inayokuwepo hata mwisho wa mwezi. Nimeingia wodi ambayo sinki lake lilikuwa limegeuzwa mahali pa kuwekea ndoo za mopu. Pale sikuwa na la kuwaambia ndugu.

Mtaniuliza nani atafanya kazi hii wakati muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima usiku. Swali hilo nimelifikiria sana, kwa sababu sitaki barua hii iongeze mzigo kwa wanawake na wanaume ambao nimewaona wakienda nyumbani asubuhi miguu imevimba.

Kliniki ya mama na mtoto inaweza. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kupima, wajawazito wanakaa kwenye mabenchi na muuguzi anasimama anawapa somo: dalili za hatari, lishe, chandarua, kujiandaa kujifungua. Mabinti ambao hawakumaliza darasa la saba wanazitaja dalili za hatari bila kukosea, kwa sababu zilisemwa na zikarudiwa. Sasa tazameni getini kwa hospitali yoyote kabla ya saa za kuona wagonjwa. Watu wamesimama na vikapu vyao, nusu saa, wakati mwingine zaidi, wanangoja mlinzi afungue. Hao ndio ndugu wote, wa jana na wa leo, na binamu wa Dar es Salaam yumo. Apewe mtu mmoja kipaza sauti azungumze nao robo saa kila siku. Anaweza kuwa mwanafunzi wa uuguzi, na hapa Moshi na Arusha vyuo vya afya vipo. Anaweza kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kada ambayo serikali ilizindua mpango wake mpya Januari 2024. Anaweza kuwa mzee wa mtaa aliyestaafu na aliyefundishwa vizuri cha kusema.

Kwa mgonjwa anapopokelewa, iwepo karatasi moja ya Kiswahili chepesi, upande mmoja haki zake, upande wa pili wajibu wake na sababu zake, isomwe kwake na kwa ndugu msimamizi, na watie sahihi kwamba wamesomewa na wameelewa. Fomu ya ridhaa ya upasuaji nayo iwe ya Kiswahili. Nimeona mzee akiwekewa mbele fomu ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba, akaweka. Huyo hawezi baadaye kulaumiwa kwamba hakuelewa alichokubali.

Na Kiswahili chenyewe hakitoshi kwa wote. Wodi zetu zina wazee wa Kimaasai kutoka Simanjiro, Longido na Ngorongoro, zina bibi wa mlimani wanaosikia Kichagga cha kwao tu, zina Wairaqw kutoka Manyara. Niliwahi kumwona mama wa Kimaasai akitafsiriwa maelezo ya tatizo la kizazi chake na mvulana wa kitanda cha jirani, mtoto wa miaka kama kumi na miwili aliyekuja kumwona kaka yake. Mama aliinamisha uso na kuitikia kila kitu. Katika kila hospitali wapo wafanyakazi wanaojua lugha hizi: wafagizi, walinzi, wauguzi, madaktari. Iandikwe orodha ya nani anajua nini na ibandikwe kila wodi, naye anayeitwa kutafsiri afundishwe kutunza siri na alipwe kitu kwa kazi hiyo.

Ninapendekeza hospitali moja ianze, na wodi moja ndani yake, ikiwezekana ya upasuaji. Rekodi za chumba cha upasuaji zinaonyesha ni operesheni ngapi ziliahirishwa na kwa sababu gani. Hesabuni zile zilizoahirishwa kwa sababu mgonjwa alikuwa amekula, kwa miezi mitatu kabla ya utaratibu huu na miezi mitatu baada yake, kisha bodi ya hospitali isomewe matokeo mbele ya wawakilishi wa wananchi. Ikionekana hakuna tofauti, nitakubali kwamba tatizo liko mahali pengine.

Karatasi hiyo ya Kiswahili niko tayari kusaidia kuiandika, bila malipo, nikikaa na muuguzi na mtaalamu wa usingizi watakaohakikisha kila sentensi ni sahihi kitabibu. Kuandika ili mtu wa kawaida aelewe ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wapo walimu wastaafu wengi Moshi na Arusha ambao wangekuja wakiitwa, na wapo miongoni mwao wanaojua Kimaasai, Kimeru, Kirombo na Kimachame. Tunasubiri majibu yenu, na tutafika siku na mahali mtakapopanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kiboriloni, Moshi